Kumtembeza mbwa Moshi: Shanty Town, mashamba ya mpunga au njia za Kibosho?

"Mama Bosi, mbwa wako unampelekaga wapi?"

Swali hili naulizwa karibu kila mwezi, mara nyingi nikiwa napita getini kwa watu, huku nyuma ya anayeuliza kuna mtoto wa mbwa anakwaruza bati akitaka kutoka. Bosi ni mbwa wangu. Ni chotara: baba German Shepherd, mama mbwa wa kienyeji wa mtaa wa Pasua. Ana miaka sita na kilo 28, na tangu alipotimiza mwaka mmoja namtoa kila asubuhi, masika na kiangazi. Watoto wa mtaani ndio walioanza kuniita kwa jina lake, nami nimelipokea.

Kwetu mbwa wengi ni wa ulinzi. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa uani, basi. Ndiyo maana ukianza kumtembeza wako wapo watakaosema unaiga wazungu. Mimi nasema mbwa asiyetoka hubweka kila kinachopita, na siku geti likisahauliwa wazi anatoka mbio asijue barabara ni kitu gani. Ataishia chini ya gari, au meno yake yataishia kwenye mguu wa mtoto wa watu. Bosi alipoanza kutoka asubuhi aliacha kubweka ovyo usiku. Sasa akibweka saa nane za usiku, naamka.

Mjini hapa hatuna bustani iliyotengwa kwa ajili ya mbwa. Tulichonacho ni njia, na zinatofautiana kuliko mtu anavyodhani akizitazama kutoka kwenye gari. Njia yenye mjakaranda uliochanua na kilele cha Kibo kimejifunua chote mbele yako inaweza kuwa mbaya kwa mbwa kuliko tuta la mfereji lisilo na mti hata mmoja. Kwa hiyo ukichagua pa kumtembeza mbwa, mandhari yaje mwisho. Kwanza jiulize utakutana na nani, pili anakanyaga nini, tatu atakunywa nini. Kwa maswali hayo nitazilinganisha sehemu tatu ninazozitumia: Shanty Town, matuta ya mashamba ya mpunga upande wa Rau na Mabogini, na njia za vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo ya Wachaga, kuelekea Kibosho na Uru mlimani.

Shanty Town: kivuli kingi, mageti mengi

Mgeni akisikia jina la Shanty Town anatarajia vibanda. Anakuta nyumba kubwa zenye bustani, miti ya zamani iliyokutanisha matawi juu ya barabara, na utulivu ambao sokoni Mbuyuni hawaujui. Barabara ya Lema ndiyo uti wa mgongo wa matembezi yangu. Mwinuko wake ni wa taratibu, hauchoshi mbwa mzee wala mtu mwenye magoti yanayouma, na kivuli chake kinafanya lami iwe baridi hata saa mbili na nusu asubuhi, wakati ile ya mjini imeshaanza kuwaka.

Lakini mti siyo sababu kubwa ya kuisifia. Sababu kubwa ni watu. Wakazi na walinzi wa huku wameshazoea kumwona mbwa kwenye kamba, na mtu aliyezoea hashtuki, hapigi kelele, hainami kuokota jiwe. Mbwa naye anausoma utulivu ule. Mlinzi mmoja humsalimia Bosi kabla hajanisalimia mimi: "Bosi, leo umechelewa kazini." Mbwa mchanga anayejifunza dunia anahitaji kukutana na binadamu kumi wa namna hiyo kabla hajakutana na mmoja anayerusha jiwe.

Shida ya Shanty Town ni mageti. Karibu kila nyumba ina mbwa, na wengi wao hawajawahi kutoka nje kwa kamba. Kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu asubuhi mageti hayo hufunguka mfululizo, magari yakipeleka watoto shule na watu kazini. Hapo ndipo mambo huharibika. Aprili moja, mvua imekatika muda si mrefu, tulikuwa tunapita mbele ya geti la kijani. Gari likaanza kutoka, na chini ya bampa, kama maji yaliyopasua bomba, wakatoka mbwa wawili. Bosi alishikwa sikio. Nilivuta kamba, jambo ambalo sasa najua ni kosa, kwa sababu ukimvuta mbwa aliyeng'atwa unachana nyama. Kilichotuokoa ni mlinzi wa nyumba ya pili aliyekuwa anamwagilia maua. Alikuja na ndoo na kuimwaga yote usoni mwa yule mkubwa. Akaachia. Sikio la Bosi lina pengo mpaka leo, upana wa ukucha wa kidole gumba.

Mwenye nyumba aliniletea cheti cha chanjo cha mbwa wake siku ileile, nikamshukuru, maana hilo ndilo nililotaka kuliko pole. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, kwa mbwa wala kwa binadamu. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kama daktari wa mifugo alivyoandika kwenye cheti, kwa kawaida kila mwaka. Nina picha ya cheti cha Bosi kwenye simu. Na uking'atwa wewe mwenyewe, hata kidonda kikiwa kama mchubuko tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Tangu siku ile nina ratiba ya Shanty Town. Ama natoka saa 12 kamili, kunapopambazuka, ili saa ya mageti inikute nimeshafika sehemu pana ya barabara, ama nasubiri mpaka baada ya saa 2. Jumamosi hakuna shule, njia ni tulivu. Jumapili mageti hufunguka kwa awamu, kufuatana na ibada ya kwanza na ya pili, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine.

Kuna na suala la kinyesi. Moshi inajulikana nchi nzima kwa usafi, na sitaki mbwa wangu awe sababu ya mtu kusema umeshuka. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, kwa hiyo usitafute rambo. Mimi natumia gazeti la zamani: kurasa mbili zilizokunjwa mara nne, naziweka chini kabla hajamaliza, nakunja, naweka kwenye kopo la rangi lenye mfuniko ninalolibeba kwenye kikapu. Ukishamjua mbwa wako unajua anamalizia wapi. Bosi ni baada ya kona ya pili, siku zote.

Matuta ya mpunga: unaona mbali, lakini chunga maji

Ukishuka kusini na mashariki ya mji, baridi ya Shanty Town inabaki nyuma na unaingia bonde la umwagiliaji la Moshi Chini: Mabogini, Rau ya Kati, Oria, Chekereni. Mradi wenyewe ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na mifereji yake mikuu imesakafiwa kwa zege. Kando ya mifereji kuna njia za matuta zilizonyooka, zingine pana za kupita trekta. Hapo ndipo tunapotembea.

Uzuri wake kwa mbwa ni kwamba hakuna kinachokushtukiza. Shanty Town hatari inatoka nyuma ya geti, hatua tatu kutoka ulipo. Huku mbwa mwingine akija unamwona akiwa mdogo kama kuku, una dakika nzima ya kufupisha kamba, kugeuka au kumkalisha wako pembeni. Kwa mbwa mwenye woga, au aliyewahi kupigwa na mbwa wenzake, nafasi hiyo ni dawa. Baada ya tukio la sikio Bosi hakutaka kupita kwenye geti lolote kwa wiki tatu. Nilimleta huku kila Jumamosi na kila Jumatano. Wiki ya nne alianza tena kubeba mkia juu.

Ardhi nayo ni nzuri: udongo laini, majani mafupi, hakuna lami wala vioo vya chupa. Natumia kamba ya katani ya mita kumi, anatembea mbele akinusa, nami namwachia. Kumwachia mbwa anuse ni zaidi ya nusu ya matembezi. Watu wengi humburuta mbwa kama wanawahi basi, halafu wanashangaa anarudi nyumbani bado ana wazimu. Yangeyange wakiruka mbele yake anasimama, mguu mmoja juu, mwili wote unatetemeka, kisha ananitazama. Nasema "twende," tunaenda.

Kamba siivui. Yale ni mashamba ya watu na kila kishamba kina jasho la mtu. Mzee mmoja niliyemkuta akizibua mdomo wa mfereji kwa jembe aliniambia siku ya kwanza kabisa, bila ukali:

"Mwanangu, pita. Ila akanyage tutani. Miche hii nimeipanda juzi, mgongo wangu bado unauma."

"Sawa baba, shikamoo. Nitamshika."

"Marahaba. Na bata wangu hao, asiwatie macho."

Tangu hapo nikimwona namsalimia kwa mbali na kufupisha kamba kabla hajasema. Msimu mpunga unapoiva kuna watoto na vijana wanaofukuza kwelea kwelea kwa makombeo, na wanarusha wakitazama ndege, hawatazami tuta. Miezi hiyo ninawaita kwanza, nasubiri wanione, ndipo napita.

Tatizo la huku ni maji, na hapa naomba usome taratibu. Maji ya majaruba yamepita mashamba mengi kabla hayajafika ulipo, yakichukua dawa za kuua wadudu na magugu, na mkojo wa panya. Mkojo wa panya ndio hubeba bakteria wa leptospira, wanaoleta ugonjwa ambao Watanzania wengi tuliusikia mwaka 2022 ulipozuka Lindi kwa jina la homa ya mgunda. Unampata mbwa na unampata binadamu, na huingia hata kupitia mchubuko mdogo kwenye ngozi iliyolowa. Nilikuwa nafikiri mbwa ana tumbo la chuma. Mwaka wake wa pili Bosi alikunywa maji ya jaruba mchana wa joto, nami nilikuwa nimesimama palepale nikitazama simu. Siku chache baadaye akagoma kula, macho yakawa na umanjano, akawa analala kwenye sakafu ya bafu. Daktari wa mifugo alimtibu kwa antibiotiki na dripu, akapona, lakini zile siku tatu za kumlisha supu kwa kijiko sitazisahau. Sasa nabeba lita moja na nusu ya maji na bakuli, nampa kabla hajahisi kiu, na chanjo yake ya mchanganyiko lazima iwe na leptospira ndani. Ukienda kuchanja uliza hilo, usichukulie kwamba imo.

Jambo la pili ni jua. Hakuna kivuli. Februari na Machi, ndiyo miezi ya joto kali Moshi, sifiki kabisa baada ya saa 2 asubuhi. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, na likivuka 41 anaweza kufa. Ukiona ulimi umetoka wote na kuwa mwekundu sana, mate mazito, miguu inayumba, tafuta kivuli na ummwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, halafu mkimbize kwa daktari.

Nyasi za mifereji zina kupe pia. Nikirudi namkagua nyuma ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, dakika tano tu, kabla hajaingia ndani.

Wengi huuliza kuhusu Msitu wa Rau, kwa kuwa uko jirani na njia hizi na si mbali na mji. Ni hifadhi ya karibu hekta 570 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, msitu mnene unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi, wenye mivule mikubwa ambayo watu watano hawaizungushi mikono. Mimi humpeleka Bosi mpaka ukingoni na kurudi. Ndani kuna mbega na kima, na mbwa kwao ni adui aliyekuja na harufu yake. Wakipiga kelele juu mbwa anapandwa na kichaa chini, na hakuna anayefaidi. Msitu ule nenda mwenyewe siku nyingine, na watoto, mbwa abaki nyumbani.

Kufika kwenye mpunga pia ni kazi. Kwa mguu kutoka katikati ya mji na mbwa mchanga ni mbali, bodaboda hapana. Nina dereva wa bajaji mmoja anayekubali kwa sharti kwamba Bosi akae chini na nitandike kanga, na ninamwongeza elfu moja juu ya nauli.

Kibosho na Uru: hewa safi, njia nyembamba

Kila ukipanda mita mia moja joto linapungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Moshi mjini iko mita 800 na ushei kutoka usawa wa bahari, vihamba vya Kibosho na Uru viko mamia ya mita juu yake, na mbwa anaujua utofauti huo kabla yako. Machi, wakati mjini Bosi anatafuta vigae vya kulalia, huku juu anatembea saa nne asubuhi kichwa juu. Kwa hiyo ukiniuliza mwezi gani niende wapi, jibu langu ni rahisi: miezi ya joto panda, Juni hadi Agosti shuka mpungani.

Kivuli cha kahawa na migomba ni kizuri kuliko cha Shanty Town, na njia ni za udongo. Ila ni nyembamba, zimebanwa na uzio wa mimea ya masale pande zote mbili, zina kona kali, na nyuma ya kila kona kunaweza kuwa na kuku, mbuzi aliyefungwa kwa kamba fupi, mama mwenye furushi la majani kichwani asiyeweza kugeuka haraka, au bodaboda iliyobeba mkungu wa ndizi. Kamba ya mita kumi huku haina kazi. Mbwa atembee kando ya goti lako.

Mbwa wa vihambani wapo, na wako huru. Lakini nimegundua jambo: mbwa wa kihamba anabweka kwa nguvu zote mpaka kwenye isale, na pale anasimama. Mpaka wa boma ndio mpaka wake. Ukipita katikati ya njia bila kusimama, bila kumtazama usoni, anakusindikiza kwa kelele na kukukabidhi kwa mbwa wa jirani. Ni tofauti kabisa na mbwa wa mageti wa Shanty Town, ambaye hajui kwake kunaishia wapi kwa sababu hajawahi kuona nje. Akivuka mmoja, inama kama unaokota jiwe. Wengi wanarudi nyuma bila wewe kurusha chochote. Angalia tu na mbwa wako, kwa sababu kama alilelewa mtaani naye atalala chini akidhani jiwe ni lake.

Isale lenyewe ulipe heshima. Kwa Wachaga si ua wa kawaida. Ndilo hutumika kuombea msamaha, ndilo huweka alama ya mpaka, na ndani ya kihamba ndimo walimozikwa wazee wa ukoo. Mbwa akiinua mguu kwenye isale la watu mbele ya mwenye nyumba, umemkosea hata kama hatasema. Namvuta Bosi mpaka kwenye nyasi za barabarani. Na mfongo, ule mfereji wa asili unaoshuka kutoka mlimani, ni maji ya nyumba na mashamba ya watu. Mbwa asiingie, hata kama yanaonekana masafi na yeye ana kiu.

Ukishika adabu hizo, huku ndiko utakakopata mazungumzo mazuri kuliko kote. Bibi mmoja wa Kibosho, amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage, aliniita kwa mkono:

"Shimbonyi! Njoo hapa. Huyo hali kuku?"

"Hali, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wa kwangu anakula mayai." Akamtazama Bosi kwa muda, akaliona sikio. "Nani kamfanya hivi?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi ya nyama ya juzi. Aliniomba ruhusa kwanza ndipo akampa. Watu wengi mjini hawaombi.

Masika epuka. Udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na mbwa wa kilo 28 akishuka mteremko mbele yako wewe ndiye utakayekaa chini.

Sehemu ambazo sizihesabu

Relini watu hutembea, najua, njia imenyooka na haina magari. Ilikuwa kimya kwa miaka mingi, lakini treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, na mbwa aliyenaswa kamba kwenye taruma hana ujanja. Viwanja vya mpira ni vizuri alfajiri tu. Jioni kuna watoto na mpira, na hakuna mbwa asiyeufukuza mpira. Juu mlimani usijaribu: ndani ya Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro mbwa haruhusiwi, na tangu mwaka 2005 hifadhi hiyo imeuchukua na ukanda wa msitu uliokuwa chini yake. Usipande Kibosho mpaka ukaufikia.

Mitaa ya Majengo na Bondeni napita, lakini si saa za swala. Ndugu zetu Waislamu wengi wa huku wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu ametoka nyumbani ametia udhu, kanzu yake nyeupe, anakwenda msikitini. Mbwa wako akimgusa kwa pua tu umemrudisha nyumbani. Navuka upande wa pili, nafupisha kamba, namwambia "samahani, mzee" hata kama hatujakaribiana. Nimekuwa nikifanya hivyo miaka yote na sijawahi kugombana na mtu.

Basi wako umpeleke wapi?

Mtoto wa mbwa aliyemaliza chanjo zake: Shanty Town, Jumamosi, saa 12 asubuhi. Anahitaji watu watulivu, siyo uwanja mkubwa. Kabla chanjo hazijakamilika usimshushe chini popote wanapopita mbwa wengine. Mbebe, aone tu. Mbwa mzee pia Shanty Town, kwa ajili ya mwinuko wa taratibu na lami isiyo moto. Lami yoyote ipime kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukishindwa kuuacha kwa sekunde saba, nyayo zake nazo hazitaweza.

Mbwa mwenye nguvu anayevuta, mwenye woga, au aliyewahi kupigana: mpungani, asubuhi, na maji yako mwenyewe. Mkanda wa shingoni kwa mbwa wa namna hiyo hautoshi, mtafutie wa kifuani. Wa Bosi alinishonea fundi viatu wa Mbuyuni kwa ngozi na pete za chuma, nilimpelekea vipimo kwa kamba ya kiatu, na umevumilia miaka minne.

Mbwa aliyekwisha tulia, anayekuitikia kwa jina na kumpita kuku bila kugeuka, huyo mpandishe Kibosho au Uru. Ni tuzo, na si pa kuanzia. Nimewaona watu wakianza huko kwa sababu ya hewa na picha nzuri, wakaishia kulipa jogoo.

Mimi na Bosi tunagawa hivi: siku za kazi Shanty Town, Jumamosi mpungani, na Jumapili moja kwa mwezi, baada ya ibada, tunapanda. Kama nyumbani kwako hakuna nafasi ya ratiba yote hiyo na lazima uchague moja, nachagua Shanty Town kwa mbwa wengi, geti la kijani pamoja. Kivuli na watu waliozoea ni vitu ambavyo huwezi kuvibeba kwenye kikapu. Maji unaweza, na saa ya kutoka nyumbani ni yako.

Jirani aliyeniuliza wiki iliyopita, wa mtoto wa mbwa anayekwaruza bati, nimeshamwambia. Jumamosi saa 12 kamili, mwanzo wa Barabara ya Lema, chini ya ule mti mkubwa. Aje na cheti cha chanjo, bakuli na gazeti la zamani. Kopo ninalo la ziada.